Asubuhi za Kufunga Shule

Saskatchewan, Kanada
Jumapili, 26 Novemba 2023

Dada Klara,

Shikamoo. Na shikamoo ya mama umfikishie kabla hujaanza kumsomea barua hii, maana najua ataiulizia kwanza. Sisi huku hatujambo. Wifi yako Witness anaendelea na kazi yake kwenye nyumba ya wazee, anatoka gizani na kurudi gizani, lakini afya ni njema. Natumaini mguu wa mama umepungua kuvimba na kwamba mvua za kwanza zimewakuta mmeshalima.

Dada, nimepata kazi. Mimi niliyeshusha malori ya alizeti kwenye mteremko wa Sekenke miaka kumi na moja, leo naendesha basi la njano la shule. Nina watoto kumi na tisa. Wanakaa mashambani, nyumba moja hapa, nyingine kilomita nne mbele. Nawakusanya asubuhi nawapeleka shuleni mjini, alasiri nawarudisha.

Theluji ilianguka wiki iliyopita. Mwaka jana niliitazama nikiwa dirishani, safari hii nilikuwa ndani yake. Haianguki kama mvua. Inashuka taratibu, kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Kulipokucha nchi nzima ilikuwa haina mipaka, barabara na shamba vimekuwa kitu kimoja, na jua likachomoza likiwa na wenzake wawili, mmoja kushoto, mmoja kulia. Majua matatu, dada. Nilisimamisha basi nikatazama. Kuna mtoto wa darasa la tatu anaitwa Lia, wazazi wake wametoka Ufilipino, anakaa kiti cha nyuma yangu. Akaniambia, "Usiogope. La katikati ndilo la kweli."

Sasa nina swali. Utaratibu wa huku, dhoruba ikiwa kubwa ofisi ya elimu inafunga shule zote. Ofisi ikinyamaza, kila dereva anaamua kuhusu njia yake. Saa kumi na moja alfajiri natoka nje, natazama anga, nakanyaga barabara nione kama imeganda, kisha natuma ujumbe kwa wazazi: nakuja, au siji. Nikisema siji, watoto wangu siku hiyo hawana shule, maana hakuna kingine cha kuwafikisha.

Wewe ni mwalimu mkuu. Unajuaje kwamba leo ni siku ya kufunga?

Mdogo wako,
Urbano

*

Nyumbani, njia ya Sepuka
Jumapili, 17 Desemba 2023

Mdogo wangu Urbano,

Marahaba. Mama naye amesema marahaba, halafu akaniamuru nirudie kusoma pale kwenye majua matatu. Mguu una nafuu. Shule tumefunga kwa likizo, kwa hiyo niko shambani kutwa. Nimekuandikia kwenye karatasi ya daftari, nitaipiga picha na kuituma siku ya gulio nikifika Sepuka, maana mtandao wa huku kijijini unaukamata ukiwa umesimama juu ya jiwe, na mimi sina tena umri wa kupanda mawe.

Mama anauliza theluji ina sauti gani inapoanguka. Umjibu.

Kuhusu swali lako, sijui siku ya kufunga kwa sababu sijawahi kufunga. Huu ni mwaka wa tisa tangu nipewe shule hii. Unalijua korongo letu. Watoto zaidi ya mia wanatoka ng'ambo. Unaweza kuwa umekaa juani huku kwetu, mvua imenyesha mbali huko juu, na maji yakaja yenyewe, mekundu, yamebeba magogo. Tumefunga kamba kutoka mti hadi mti, na watoto wakubwa wanawashika mkono wadogo. Hivyo ndivyo tunavyovuka.

Ningekuwa mwepesi wa kufunga, Urbano, kuanzia Januari hadi Aprili nisingekuwa na shule. Siku mtoto asipokuja hasomi, na uji wa saa nne haupati. Wengine uji huo ndio chakula chao hadi jioni. Mtoto akizoea kukaa nyumbani kwa ajili ya mvua, kesho atakaa kwa ajili ya upepo. Wewe uliendesha Sekenke kwenye matope ukiwa na tani kumi mgongoni. Usiogope maji yaliyolala.

Msalimie Witness. Mwambie asisahau kula.

Dada yako,
Klara

*

Saskatchewan
Jumapili, 21 Januari 2024

Dada Klara,

Shikamoo, na shikamoo mama. Witness hajambo. Mimi mwili ni mzima.

Mwambie mama theluji haina sauti. Ikianguka nyingi inaondoa na sauti za vitu vingine. Unaona mbwa anabweka ng'ambo ya barabara na husikii kitu.

Nina mambo mawili ya kukueleza, na la pili ni zito.

La kwanza ni la tarehe tisa. Usiku ilinyesha mvua nyepesi ikaganda juu ya lami. Alfajiri nilikanyaga, nikaona inateleza, nikakumbuka barua yako, nikatuma ujumbe kwamba nakuja. Kwenye kona ya tatu basi liliacha kunisikiliza. Usukani niliushika, breki sikugusa, na bado tulikuwa tunakwenda kwa ubavu, polepole, kimya, kama tunaelea. Watoto kumi na tisa na hakuna aliyepiga kelele. Niliwaona kwenye kioo, wameinua nyuso wananitazama. Tukasimama tumekingama barabarani, mita mbili kutoka mtaroni. Lia akauliza, "Tumefika?" Nikasema bado.

Sikumwambia mtu isipokuwa Witness.

La pili ni la Jumanne iliyopita, tarehe kumi na sita. Nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri, na upepo. Ofisi haikufunga shule. Mimi nikasema safari hii sirudii. Saa kumi na moja na robo nikatuma ujumbe: leo siji. Nikarudi kitandani, na nakwambia ukweli, nililala vizuri.

Mama yake Lia anaitwa Jovelyn. Anafanya kazi pamoja na Witness, zamu ya saa kumi na moja alfajiri, na simu wanaziacha kwenye kabati. Baba yake yuko migodini kaskazini. Mtoto huamka kwa saa ya mezani, anajivisha, anafunga mlango kwa kuuvuta, anasimama kwenye kibanda cha barua kando ya barabara akinisubiri. Ufunguo anao mama. Siku hiyo alinisubiri kama dakika arobaini. Dereva wa greda linalosukuma theluji alimwona, akadhani kwanza ni mfuko umenaswa kwenye nguzo.

Yuko hai, dada. Ila glovu moja aliivua ili abonyeze kengele ya mlango wao wenyewe, akidhani labda mama amerudi. Ncha ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, madaktari wanasema haitapona, wataikata.

Nimeandika barua ya kuacha kazi. Bado sijaipeleka.

Mdogo wako,
Urbano

*

Nyumbani
Jumapili, 4 Februari 2024

Urbano mdogo wangu,

Pokea salamu zetu. Nilimsomea mama barua yako hadi pale kwenye kibanda cha barua, nikashindwa, akanisubiri, nikaendelea. Baadaye alikwenda jikoni, akakaa huko bila kuwasha moto.

Nianze na langu. Nilikuandikia kama mtu anayejua, na nilikuwa sijui. Kwamba miaka tisa korongo halijachukua mtoto si kwamba nilikuwa na akili. Nimeiona picha ya basi lako likienda kwa ubavu kila siku tangu Jumamosi, na ndani yake naona watoto wangu. Nisamehe.

La pili, barua ya kuacha kazi usiipeleke kabla hujafanya jambo moja. Umekwenda kwa mama wa mtoto? Katika barua yote hukuandika kwamba umekwenda. Umeandika ya madaktari, umeandika ya greda. Nenda. Usitume ujumbe na usimtume Witness. Nenda mwenyewe, ukae, uambiwe utakaloambiwa.

Mama anasema ukienda usiende mikono mitupu, na usijitetee.

Huku mvua ni nyingi kuliko mwaka jana. Wiki iliyopita Nasma wa darasa la kwanza aliteleza kwenye kamba, mwenzake akamdaka kwa gauni. Nilikuwa nimesimama pale. Alikuwa mwepesi mno, Urbano, alipepea kwenye maji kama nguo iliyoanikwa.

Dada yako,
Klara

*

Saskatchewan
Jumapili, 3 Machi 2024

Dada Klara,

Shikamoo. Mama shikamoo. Hatujambo, baridi imeanza kulegea.

Nilikwenda. Nilibeba ile asali ya Rungwa mliyonipa nilipoondoka, chupa ya mwisho. Jovelyn alifungua mlango, hakunikaribisha, hakunifukuza, akaacha mlango wazi akarudi ndani. Nikaingia. Lia alikuwa anachora, mkono umefungwa bandeji. Nikamwambia mama yake, "Ujumbe niliutuma, lakini sikuhakikisha umefika. Naomba radhi."

Akasema, "Mimi nilimwambia asifungue mlango kwa mtu, na asitoke bila kuvuta mlango. Nilimfundisha vizuri sana." Halafu akalia. Nilikaa. Kila nilipotaka kusema neno nilikumbuka alilosema mama, nikanyamaza. Mwishowe Lia akaja akaniuliza kama kesho nitakuja. Nikasema nitakuja. Barua ya kuacha kazi nimeichana.

Kisha kukawa na mkutano ukumbini. Ulikuwa umejaa. Baba mmoja mkulima alisimama akasema shule zifungwe kila baridi ikipita nyuzi thelathini, hakuna somo lenye thamani ya mtoto mtaroni. Watu wakapiga makofi. Mwingine akasema baba zetu walikwenda shule kwa miguu kwenye theluji hiyohiyo, sasa tunalea watoto kama mayai. Naye akapigiwa makofi. Jovelyn akasimama na sare yake ya kazi. Akasema, "Mkifunga shule, wazee wenu bado wanataka kuogeshwa na kulishwa, na anayewaogesha ni mimi. Shule ikifungwa mtoto wangu anakuwa wapi? Hakuna aliyeniuliza hilo." Hakuna aliyepiga makofi.

Nami nikainua mkono, dada, kwa Kiingereza changu hiki. Nikasema mimi ndiye dereva. Nikasema tarehe tisa nilikwenda na sikupaswa kwenda, nikawaeleza ile kona. Ukumbi ukawa kama una theluji ndani. Nikasema tarehe kumi na sita sikwenda, na wote mnajua. Nikasema sijui nyuzi ngapi ni sahihi. Ninachoomba, siku ambayo basi haliendi, mlango wa shule uwe wazi hata kama ni mwalimu mmoja, kwa anayeweza kufika. Na mimi nisihesabiwe nimemaliza kazi hadi kila nyumba imejibu.

Wamekubali kujaribu. Wazazi wanne wamewahamishia watoto wao sita njia nyingine baada ya kusikia habari za kona. Nina watoto kumi na watatu sasa. Lia yumo.

Mdogo wako,
Urbano

*

Saskatchewan
Jumapili, 7 Aprili 2024

Dada Klara,

Shikamoo. Mwezi umepita bila barua. Nimepiga simu, haipatikani. Kwenye mtandao naona habari za mvua huko Tanzania, mafuriko kila mahali. Witness ameniambia nisiwaze, gulio labda halikufanyika. Nawaza.

Naomba neno moja tu.

Mdogo wako,
Urbano

*

Nyumbani
Jumapili, 28 Aprili 2024

Urbano,

Sisi wazima. Mama mzima. Njia ya Sepuka ilikatika wiki tatu na simu yangu iliingia maji, lakini hiyo si sababu yote. Nilikuwa natafuta namna ya kukuandikia.

Alhamisi ya tarehe 21 Machi kulikuwa na mtihani wa kata wa darasa la saba. Kata inataka kuongoza wilaya, tuliambiwa asikosekane mtoto hata mmoja. Wiki hiyo korongo lilikuwa limejaa mara mbili. Alfajiri nilitoka nje kama wewe. Kule juu mawingu yalikuwa meusi, yameshuka hadi kugusa mawe, na upepo umekufa. Nilisimama pale muda mrefu. Niliona kama nasikia maji, na hayakuwepo.

Sikutuma ujumbe wala kugonga kengele. Nilimwamsha mwalimu Andrea tukaenda korongoni, tukakaa ukingoni kuanzia saa kumi na mbili. Watoto wa ng'ambo walipofika tuliwaita kwa majina, mmoja mmoja, tukawarudisha nyumbani kwao tukihakikisha kila mmoja ameondoka na mwenzake. Wa upande huu tuliwaambia waende shuleni, uji upo. Thelathini na mmoja wa darasa la saba walikuwa ng'ambo. Walisimama na kalamu zao mkononi wakinitazama. Mmoja akasema, "Mwalimu, mbona pakavu?" Palikuwa pakavu kweli, maji hayakufika hata vifundoni.

Saa tatu mawingu yalihama. Saa nne jua liliwaka, alizeti zote zikageuza nyuso. Mvua ilikwenda kunyesha kwingine.

Bwana Frank, afisa elimu kata, alikuja kwa pikipiki. Alivuka korongo bila kuinua miguu. Akazima pikipiki akaniuliza, "Mwalimu mkuu, maji yako wapi?"

"Hayakuja."

"Kwa hiyo umerudisha watahiniwa thelathini na mmoja kwa sababu ya maji ambayo hayakuja."

"Kwa sababu ya maji ambayo yangeweza kuja."

Si mtu mbaya, Urbano. Alivua kofia, akajifuta uso, akasema, "Hayo nitayaandikaje kwenye ripoti?"



Maji yalikuja Ijumaa Kuu. Siku ya sikukuu, shule imefungwa kwa kalenda, hakuna mtu korongoni. Nilikuwa natoka kanisani nikasikia mvumo. Yalipita na kamba yetu na miti yote miwili. Niliyatazama peke yangu hadi jua lilipoinama. Hayo nayo hayaandikwi popote.

Barua ya uhamisho imefika juzi. Nakwenda Rungwa, kandokando ya pori la wanyama, mwalimu wa kawaida, si mkuu tena. Haikuandikwa kwamba ni adhabu. Imeandikwa kwa manufaa ya umma. Nilimwambia mama abaki kwa binamu yetu Winfrida. Akasema, "Nimezaa wawili. Mmoja yuko kwenye barafu, mwingine anakwenda kwa tembo. Mimi nibaki na kuku?" Ameshaanza kufunga vyombo vyake.

Dada yako,
Klara

*

Saskatchewan
Jumapili, 12 Mei 2024

Dada Klara,

Shikamoo. Shikamoo mama, na pole kwa safari.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Mara ya kwanza nilikasirika hadi Witness akanitoa nje nikatembee. Theluji imeyeyuka, mashamba yote yamekuwa maziwa madogo, na kila ziwa lina anga lake. Nilitembea katikati ya hayo maanga nikiwaza kwamba ni mimi niliyekuponza. Nisingekuandikia habari za Lia, ungewavusha wale watoto siku ile, pakavu, wakafanya mtihani wao, nawe ungekuwa bado mkuu wa shule yako.

Niambie ukweli, kama unavyonitaka mimi niuseme. Unajuta?

Mdogo wako,
Urbano

*

Rungwa
Jumapili, 14 Julai 2024

Urbano mdogo wangu,

Marahaba. Tumefika salama. Safari ilikuwa ya siku mbili, mama alikaa mbele kwa dereva akimwelekeza barabara asiyoijua. Nyumba yetu ina vyumba viwili na ukuta wa nyuma unalia nyuki, mzinga uko ndani ya tofali, hatujui waliingiaje. Mama amekataza wasiguswe. Analala upande huo. Anasema ndiyo sauti aliyokuwa anaitafuta kwenye theluji yako, sielewi amefikaje hapo.

Umeniuliza kama najuta. Wale thelathini na mmoja walirudia mtihani baada ya wiki mbili, peke yao, na walijua kwamba wenzao wa kata nzima wameshamaliza. Hilo najutia. Walikuwa wamejiandaa. Kukaa ukingoni sijutii. Nimejaribu kuyajumlisha mambo hayo mawili nipate jibu moja nikuandikie, na sijalipata. Na wewe hukuniponza. Nilitoka nje alfajiri kwa miguu yangu.

Shule ilifunguliwa wiki mbili zilizopita. Mkuu hapa ni kijana, Mwalimu Ashrafu, mtaratibu, ananiita mama jambo ambalo sijalizoea. Alhamisi nilipokuwa naenda kazini niliwakuta watoto wote wamekaa chini kwenye nyasi, kijiji kiko nyuma yao, kimya. Karibu watoto mia mbili. Mbele, kati yetu na shule, kulikuwa na ukungu mwepesi, na ndani ya ukungu kulikuwa na tembo tisa. Walikuwa wametoka kwenye mahindi ya mtu na wanarudi porini bila haraka. Mmoja alikuwa amesimama uwanjani chini ya mlingoti wa bendera.

Mwalimu Ashrafu alikuja ameinama hadi nilipokuwa. Alikuwa ameshasikia kwa nini nilihamishwa, kila mtu hapa amesikia. Akaninong'oneza, "Mama, tufunge? Tuwarudishe nyumbani?"

Nilitazama nyuma. Nikamwambia, "Njia ya nyumbani inapita kwenye hayo mahindi, na hatujui kama wametoka wote. Tukae nao hapa."

"Mpaka lini?"

"Sijui."

Akakaa. Nami nikakaa, kwenye umande, na sketi yangu ya kazi. Mtoto mmoja aliegemeza kichwa kwenye mkono wangu, akalala. Wengine walikuwa wanahesabu tembo kwa vidole bila kutoa sauti. Ukungu ulipanda, miguu ya tembo ikaonekana kwanza, kisha matumbo, kisha masikio, kana kwamba mtu anawachora kuanzia chini. Yule wa kwenye mlingoti aligusa kamba ya bendera, akaiacha. Wakaondoka mmoja mmoja. Hatukuona wa mwisho alipoishia.

Kengele iligongwa saa nne kasoro. Mwalimu Ashrafu alifungua daftari la mahudhurio, akaniuliza aandike nini, maana shule nzima imechelewa, na yeye mwenyewe, na mimi.

Nikamwambia aandike wamefika.

Mama anakusalimu, na Witness, na huyo mtoto wa majua matatu.

Dada yako,
Klara